Gitaa la Ukubwani: Mafunzo Niliyopata Sebuleni

Mtoto anayeanza gitaa huja na vidole laini na masikio ambayo bado hayajashiba. Mtu aliyevuka miaka arobaini huja na kinyume chake: vidole vimeshazoea kalamu, usukani na simu, lakini masikio yamejaa muziki pomoni. Mimi ni wa kundi hilo la pili. Nimekulia katika nyumba ambayo redio ilizimwa wakati wa kulala tu, na nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam nilizijua, mpaka solo zake, kabla sijalijua jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo siku nilipolipakata gitaa kwa mara ya kwanza nilijua barabara linavyotakiwa kulia, na nilijua vilevile kwamba langu halilii hivyo.

Nadhani ndiyo maana watu wazima wengi huacha mapema. Vidole vyao havina kasoro yoyote, ila wanajisikia. Mtoto hufurahia kelele yake mwenyewe. Mtu mzima anajipima na mpiga solo wa dansi Mbaraka Mwinshehe kuanzia jioni ya kwanza. Ninayoyaeleza hapa nimeyapata sebuleni kwangu, bila mwalimu wa kulipwa, na ukuta mmoja tu ukinitenganisha na jirani.

1. Kimo cha nyuzi kwanza, bei baadaye

Ukiingia duka la vyombo vya muziki, macho hukimbilia rangi na mng'aro. Wewe chungulia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 12, yaani kile kichuma cha kumi na mbili shingoni ukihesabu kutoka kichwani. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinatosha. La nailoni huzidi hapo kidogo. Zikifika 5 au 6, vidole vitateseka bure. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu, na anayeanza hudhani tatizo ni mkono wake. Fundi anayejua kazi huchomoa kile kifupa cheupe kinachobeba nyuzi pale darajani, akakisugua kwa msasa upande wa chini, kisha akakirudisha. Ni kazi ndogo, lakini inaligeuza gitaa kuwa jingine.

Jaribio la pili halihitaji rula. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 na uupige tena. Freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo sauti inapaswa kuwa ileile, ila juu kwa oktavu moja. Ikipinda waziwazi, mwachie muuzaji gitaa lake. Utalituni asubuhi na jioni, na bado kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zitagombana.

Kuna suala la aina ya nyuzi pia. Za nailoni haziumizi sana na shingo yake ni pana. Za chuma zina mlio mkali, ule wa muziki wetu, lakini wiki za mwanzo vidole vitawaka moto. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70, ilhali ya nailoni huvuta kama kilo 40. Ndiyo maana mtu hafungi nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni: daraja huanza kubanduka taratibu, na siku moja unalikuta limenyanyuka pamoja na ubao. Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, jasho na hewa ya chumvi, ambavyo hula chuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Na usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu gundi iliyoliunganisha hulainika kwa joto.

2. Gitaa lililo mfukoni halipigwi

Hili ni fupi. Gitaa langu lilipokuwa ndani ya mfuko wake, nyuma ya kabati, nililipiga Jumapili tu. Nilipolitundika ukutani, mahali ninapopita kwenda jikoni, nikaanza kulipiga kila siku: dakika kumi nikisubiri chai, dakika kumi na tano umeme ukikatika. Hizo dakika chache za kila siku zinafanya kazi kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu ya kawaida kabisa: ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kuguswaguswa, na ukiiacha wiki nzima inaanza kulainika tena. Kucha za mkono wa kushoto kata kila mara. Zikirefuka kidogo tu, kidole hakisimami wima juu ya uzi, na uzi wa jirani hauwezi kulia.

3. Muziki uko mkono wa kulia

Kila anayeanza anakodolea macho mkono wa kushoto. Ndio wenye mambo ya kutazama: kodi ya C, kodi ya G, na ile F ya kulaza kidole kizima ambayo imewafukuza watu wengi kwenye gitaa. Lakini sikiliza kinachotokea sebuleni. Kodi iliyokosewa uzi mmoja, ikipigwa kwa mdundo uliotulia, watu wanaendelea kula na kuzungumza. Kodi safi ikipigwa kwa mdundo unaokatika, wote wanageuka kukutazama.

Kwa hiyo F niliipunguza. Nilikilaza kidole cha shahada juu ya nyuzi mbili nyembamba tu badala ya sita, nikapiga nyuzi nne za chini, nikaendelea na safari. Kodi nzima ilikuja yenyewe baadaye, mkono ulipopata nguvu. Muda niliouokoa niliupeleka mkono wa kulia: kupiga chini na juu bila kusimama, hata kodi ikichelewa. Kanuni ni moja, mkono wa kulia hauusubiri wa kushoto. Wa kushoto ukichelewa, wa kulia unapiga nyuzi zikiwa wazi na kuendelea. Mwanzoni inasikika vibaya, lakini mkono wa kushoto ukishajua kwamba hausubiriwi, unakimbia.

Kuna programu za simu zinazopiga mdundo wa kufuata. Nilizitumia kidogo nikachoka, maana hazina huruma wala hazina ladha. Binti yangu ndiye aliyerithi kazi hiyo. Alichukua chupa ya soda na kijiko akaanza kugonga, nami nikamfuata. Hajui muziki wowote wa kusoma, lakini hakosei. Siku za mwanzo alikuwa akisimama ghafla na kusema, "Baba, umeniacha tena." Ni kweli nilikuwa nakimbia, wapigaji wapya wote hukimbia wanapofika sehemu wanayoiweza. Baadaye nilipoanza kusikiliza rekodi za gitaa za Kenya za miaka ya 1950 na 1960, nikaikuta chupa ileile ya Fanta inagongwa nyuma ya gitaa, ikishikilia wimbo mzima. Kumbe binti alikuwa ndani ya mila.

4. Solo ya dansi ina wenzake

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na sioni kama muda huo ulipotea.

Nililitaka gitaa kwa ajili ya solo za dansi. Mbaraka Mwinshehe alizicharaza akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya 1970. Akaendelea nazo alipounda Super Volcano mwaka 1973, mpaka ajali ya gari ilipomchukua akiwa Kenya mwanzoni mwa 1979. Solo hizo nilikuwa nazo kichwani. Nikazitafuta freti kwa freti, na hatimaye baadhi zikatoka. Lakini hata zilipotoka bila kosa, hazikuwa wimbo. Zilikuwa sauti nyembamba inayozunguka chumba peke yake, kama mtu anayejibu simu na wewe humsikii aliyepiga.

Sababu iko katika namna muziki ule ulivyoundwa. Bendi ya dansi haina gitaa moja. Kuna gitaa la rithimu, linaloshika kodi na kuzizungusha bila kuchoka. Kuna besi, ambayo haifuatani na ngoma tu, bali inazungumza na kuacha mapengo. Kuna gitaa la pili la solo, ambalo Wakongo huliita mi-solo, linalorudia kifungu kifupi kilekile katikati ya hao wengine. Juu yao wote ndipo anapopita mpiga solo. Kila mmoja amepiga kiasi kidogo, na kila mmoja ameacha nafasi ambayo mwenzake anaijaza. Ukimtoa mmoja, waliobaki wanasikika kama wamesahau kitu. Sikiliza sehemu ya mwisho ya wimbo wowote mrefu wa bendi ya Mlimani Park au ya OK Jazz ya Franco, pale waimbaji wanaponyamaza na watu kuingia kucheza. Kodi ni mbili au tatu tu, zinazunguka palepale. Utamu wote uko katika jinsi magitaa yanavyopishana.

Niliposikia hivyo, nikaacha kutafuta solo na kuanza kutafuta rithimu. Ni gitaa ambalo hakuna anayelishangilia ukumbini, na ndilo lililonifundisha zaidi ya yote. Kwanza, unaweza kulipiga pamoja na rekodi bila kuiharibu: rekodi inakuwa bendi yako, nawe ni mpiga rithimu wa ziada aliyekaa pembeni. Nimepiga na Mlimani Park usiku mwingi sana, wao hawana habari. Pili, linakufundisha kunyamazisha uzi. Rithimu nzuri si kulia tu. Kiganja cha kulia kinagusa nyuzi na vidole vya kushoto vinalegea nusu, sauti inakatwa kabla haijamwagika. Kukata sauti ni kugumu kuliko kuitoa, na video nyingi za kufundishia haziligusi kabisa jambo hilo.

Ningekuwa na mamlaka, kila mtu mzima anayeanza gitaa angeanza na rithimu, na solo ingesubiri.

5. Gitaa kavu lilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja

Lakini rekodi haiwezi kuwashwa kila jioni, na umeme wetu tunaujua. Unapobaki peke yako na gitaa lisilo na waya, unapiga nini?

Jibu lilikuwapo kabla ya bendi kubwa. Wazee huliita gitaa kavu, na bingwa wake anayejulikana zaidi ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, nchini Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimrekodi Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na mojawapo ya vipande alivyorekodi ni "Masanga". Ukikisikia bila kuambiwa, utadhani wapigaji ni wawili. Ni mmoja, na anatumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene likifanya kazi ya besi. Shahada inaimba kwenye nyuzi nyembamba. Na pale vinapopishana, rithimu inajitokeza yenyewe. Bendi nzima imo ndani ya mkono mmoja.

Katanga haikuwa na Mwenda peke yake. Walikuwapo Edouard Masengo na Losta Abelo, na wote hao waliimba kwa Kiswahili cha huko. Miji ya migodi ilikuwa imekusanya vijana kutoka kila upande, na gitaa moja lilikuwa burudani ya watu wengi. Santuri zao zilifika Afrika Mashariki, na magharibi mwa Kenya ulikuwako mtindo uliofanana na wa Katanga, omutibo, ambao George Mukabi aliupa jina kubwa kabla hajafariki mwaka 1963. Muziki huo haukuhitaji jukwaa wala spika, lilitosha benchi la mbele ya nyumba.

Kwangu mimi lilikuwa jambo la kushusha pumzi. Kumbe ulikuwapo muziki wa gitaa, wa Kiswahili, uliokamilika ukipigwa na mtu mmoja aliyekaa kitini.

Nilivyoanza ni hivi. Shika kodi ya C. Gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Usiongeze kitu kingine. Endelea mpaka uweze kuzungumza huku gumba likitembea. Mimi nilijua nimefika siku mke wangu aliponiuliza kama nimelipa maji, nikamjibu sentensi nzima na gumba halikusimama. Hapo ndipo unaiingiza shahada: kwanza ipige pamoja na gumba kwenye uzi wa pili au wa kwanza, kisha ihamishie katikati, baada ya pigo moja na kabla ya jingine. Siku ile shahada inapokubali kukaa katikati, utasikia mtu wa pili ameingia chumbani.

Usiharakishe hatua hiyo. Nimeona watu wenye vidole vyepesi kuliko vyangu wakianza na vidole vyote vinne, kwa mtindo wa kitabu cha Ulaya, halafu wanashangaa kwa nini muziki wa Mwenda unatoka laini mno mikononi mwao. Ule mkwaruzo wake unatokana na uchache wa vidole. Shahada moja inayokwenda juu na chini huweka msisitizo mahali ambapo vidole vitatu vinavyogawana kazi haviwezi kuuweka.

6. Imba kabla hujapiga

Hapa yale masikio yaliyojaa, niliyoyalalamikia mwanzoni, yanageuka kuwa mtaji. Kifungu unachotaka kukipiga, kiimbe kwanza kwa mdomo: "tiri-tiri-ndi", vyovyote vile. Ukiweza kukiimba polepole bila kuruka sauti, vidole vitakitafuta na kukipata. Ukishindwa, hakuna karatasi itakayokusaidia. YouTube inaruhusu kupunguza kasi ya wimbo hadi nusu bila kuushusha sauti, na kwa mtu wa masikio hiyo inatosha kabisa.

Ila ujue jambo moja kuhusu rekodi za zamani. Mashine za kanda hazikuwa na kasi moja, kwa hiyo nyimbo nyingi ziko katikati ya sauti mbili: gitaa lililotuniwa kwa programu ya simu, kwenye kipimo cha kimataifa cha A ya hezi 440, litakuwa juu kidogo au chini kidogo ya wimbo. Usipoteze wiki ukidhani masikio yamekufa. Izime programu, sikiliza sauti ya mwisho ya wimbo, na uzishushe au uzipandishe nyuzi zako zifuate. Masikio yako ya utotoni yanaijua sauti hiyo kuliko simu.

7. Swali la albamu lina jibu fupi

Ukianza kupiga gitaa ukiwa mtu mzima, watu watakuuliza mambo mawili. Wazee watauliza kama uhuni umekuanza ukubwani. Wenzako watauliza unapiga bendi gani, au albamu inatoka lini. Kwetu mtu akicheza mpira jioni hakuna anayemuuliza timu ya taifa itamwita lini, lakini muziki tumeuweka kwenye mizani ya pesa: ama ni kazi, ama ni kupoteza muda. Nilijaribu kueleza, nikaona maelezo ni marefu. Sasa najibu, "Napiga nyumbani," na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine.

Jirani yangu naye alikuwa na lake. Jioni moja, nikiwa kwenye C ile ile ya gumba peke yake, aliita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Shemeji, huo wimbo hauna mwisho?" Nikamwomba radhi, nikahamishia mazoezi ya gumba kabla ya saa mbili usiku, na nikaanza kuweka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti inabaki theluthi, mdundo unabaki wote. Siku hizi hulalamika nikinyamaza.

Nina ombi moja kwa msomaji. Mwaka 1982 kilitoka kitabu cha Mwingereza John Low, mpiga gitaa aliyesafiri mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kukaa na wapigaji wa gitaa kavu na kujifunza kutoka mikononi mwao. Wengi wetu hatuhitaji safari hiyo. Tuna wajomba, baba wakubwa na babu, Kigoma, Kakamega, Lubumbashi, Morogoro, waliopiga muziki huu ujanani na ambao hawajaombwa kuupiga kwa miaka mingi. Ukienda kuwasalimia, beba gitaa lenye nyuzi mpya, maana la kwao huenda limebaki na tatu. Waombe wapige polepole. Na unapowarekodi kwa simu, usiwapige picha za uso tu. Kamera ielekeze kwenye mkono wa kulia.